Namna ya Kumfanya Mkubwa Asubiri Foleni

Ukipewa kazi ya kupanga madaraja ya huduma kwenye rezo, yaani mtandao, ya kampuni hapa Lubumbashi, usiiguse ruta kwanza. Ruta hutii lolote unaloiamuru, liwe la busara au la hovyo. Chukua daftari, pita ofisi moja baada ya nyingine, na kila unayemkuta muulize: kazi yako ikichelewa nusu sekunde, nani anaumia? Na ikichelewa saa nzima? Andika majibu kama yalivyomtoka mwenyewe. Ukimaliza mzunguko wa kwanza utakuwa na orodha ndefu ya kazi ambazo zote ni za lazima, zote ni za haraka, na zote zilitakiwa jana. Usivunjike moyo, kila fundi wa rezo huanzia hapo. Mzunguko wa pili uliza swali gumu zaidi: katika kazi zako mwenyewe, ipi ingoje?

Watu wengi hawajawahi kuulizwa hivyo. Wape muda.

Tuseme kampuni ni ya usafirishaji na forodha. Makao makuu yako katikati ya mji, karibu na Poste, na matawi yako Kasumbalesa, Likasi na Kolwezi. Kampuni imekodi kwa mtoa huduma laini za MPLS, ambamo kila pakiti husafiri kwa kufuata lebo iliyobandikwa, na ile ya Kolwezi, karibu kilomita 300 kutoka hapa, ina uwezo wa megabiti 10 kwa sekunde. Ndani ya hizo 10 wanapita wote: simu za wanaofuatilia malori, matamko ya forodha yanayoelekea Sydonia, mfumo wa DGDA, mamlaka ya forodha, orodha za mishahara, picha za kamera za ghala, barua pepe zenye viambatisho vizito, masasisho ya Windows, na siku TP Mazembe inapocheza, mpira.

Jambo ambalo ni lazima mwajiri wako alisikie mapema, tena kwa sauti yako, ni kwamba madaraja ya huduma hayaongezi hata biti moja kwenye laini. Kila mtu wa hapa anaijua foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ukifungua njia ya pembeni kwa magari yenye nyanya na samaki, mpaka haujapanuka. Umechagua tu mzigo utakaovuka kabla haujaoza, na umechagua pia nani alale barabarani. Ukimgawia kila dereva karatasi ya kupita njia ya pembeni, hiyo njia inakuwa ndiyo foleni. Kwa hiyo laini ikijaa tangu asubuhi hadi jioni, siku zote za kazi, nenda kaombe fedha za laini kubwa zaidi, na uwe na takwimu mkononi. Madaraja ni ya zile dakika ambazo kila mtu anavuta kwa pamoja, na za siku ambayo njia moja imekatika na watu wote wamerundikwa kwenye iliyobaki.

Sasa ukae na hesabu ya sauti, maana sauti ndiyo inayoumia kwanza na ndiyo inayosikika ikiumia. Simu inayotumia kodeki ya G.711 hukatwa vipande 50, yaani pakiti 50, kila sekunde, na kila kipande kina baiti 160 za sauti. Ongeza vichwa vya anwani, baiti 40. Ongeza lebo mbili za MPLS, baiti 8, kisha vazi la Ethernet. Unafika karibu kilobiti 90 kwa sekunde kwa kila upande. Simu 20 kwa mpigo ni megabiti 1.8, haifiki hata sehemu moja ya tano ya laini ya Kolwezi. Sauti inadai nafasi ndogo tu, ila haiwezi kungojea.

Na kungojea kunatoka wapi? Pakiti kubwa ya kawaida ina baiti 1,500. Kwenye laini ya megabiti 10 huchukua milisekunde 1.2 kuondoka. Mtu mmoja akianza kupakua faili nzito, pakiti 100 za namna hiyo zikajipanga mbele ya kipande chako cha sauti, kipande hicho kitangoja milisekunde 120 kabla hakijatoka hata mlangoni. Pendekezo la ITU linaloitwa G.114 linashauri sauti ifike ndani ya milisekunde 150, kutoka mdomo hadi sikio. Foleni moja, kwenye ruta moja, imekwisha kula karibu zote. Kwenye tawi dogo lenye megabiti 2, foleni hiyo hiyo ni milisekunde 600. Waliofanya kazi hapa enzi za VSAT wanakumbuka jinsi ilivyokuwa kuzungumza kwa zamu, kwa sababu setilaiti iko juu kilomita 35,786 na sauti ilichukua kama robo sekunde kupanda na kushuka. Nyuzi za mwanga zimetuletea njia fupi, lakini foleni isiyopangwa inaweza kuirudisha Kolwezi mbali kuliko ilivyokuwa kwa setilaiti. Hilo ndilo linaloniudhi ninapoona kampuni imelipa gharama zote za nyuzi kisha ikaacha ruta na mpangilio ule ule iliotoka nao kiwandani, ambapo anayewahi ndiye anayepita.

Ndivyo mama wa uhasibu anavyokuja kukuuliza: "Enjenieri, juu ya nini sauti ya Kolwezi inakuya na kwenda?" Usimjibu kwa herufi za kizungu. Mwambie, "Mama, kuna faili kubwa limekaa mlangoni. Nalitoa." Kisha ulitoe kweli.

Alama inayoiambia ruta nani apite kwanza ni ndogo ajabu. Lebo ya MPLS ina biti 32. Biti 20 ni namba ya lebo, ambayo ruta za katikati huisoma na kujua pa kuipeleka pakiti bila kufungua anwani ya ndani. Biti 8 huhesabu ruta ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita, ili isizunguke milele njia ikikosewa. Biti 1 inasema kama chini yake kuna lebo nyingine. Zinabaki biti 3. Hizo ndizo zako. RFC 3032, waraka wa viwango vya intaneti wa Januari 2001, uliziacha kwa majaribio; RFC 5462 ya Februari 2009 ikazikabidhi rasmi kazi ya kubeba daraja la trafiki. Biti tatu hutoa namba nane, kuanzia 0 hadi 7, na ndani ya namba nane inabidi uingize kampuni nzima pamoja na matamanio yake.

Pakiti ya IP ikifika kwenye mlango wa MPLS, tayari inaweza kuwa na alama yake yenye biti 6, ile ya DSCP, yenye nafasi 64. Ruta ya mlangoni, kama hujaiambia vingine, kwa kawaida huchukua biti tatu za mbele na kuziandika kwenye lebo. Sauti hupewa 46, ambayo kwa biti ni 101110; tatu za mbele ni 101, yaani 5. Inaingia daraja la 5 bila wewe kufanya lolote, na fundi mgeni hufurahi akadhani kazi imekwisha. Lakini tazama zile za chini. Kuna alama iliyowekwa mwaka 2019 na RFC 8622 kwa ajili ya mizigo isiyo na haraka kabisa, kama masasisho ya Windows na nakala za akiba za usiku. Thamani yake ni 1, yaani 000001. Biti tatu za mbele ni 000. Ukiacha ruta inakili yenyewe, mzigo ulioutaka ukae nyuma ya wote unaingia daraja la 0 na kusimama bega kwa bega na barua pepe za watu. Huo ni lazima uupe daraja lake kwa mkono, ukubaliane na mtoa huduma ni namba ipi. Hali ni hiyo hiyo kwa 34, 36 na 38, ambazo zinatofautiana katika nani atupwe kwanza msongamano ukizidi: zote zinaanza na 100, kwa hiyo zote zinakuwa 4, na tofauti yao inafia mlangoni.

Usiamini alama ambayo mashine imejiandikia. Kuna kamera na programu zinazotoka kiwandani zikijipa 46, bila kuuliza mtu. Futa alama zote kwenye swichi ya kwanza kabisa, kisha uandike upya kwa kufuata daftari lako: simu hizi, seva hii ya forodha, seva ile ya mishahara. Ukiacha kila kifaa kijitangaze, utakuwa na ofisi ya vifaa vyenye haraka.

Kazi ya kugawa inataka moyo mgumu kidogo. Daraja la 6 waachie watu wasiokuwa na sauti katika mkutano wowote, yaani mazungumzo ya ruta zenyewe: BGP, OSPF, LDP. Ni pakiti chache na ndogo, lakini OSPF kwa kawaida husalimiana kila sekunde 10, na jirani asiposikika kwa sekunde 40 anahesabiwa amekufa. Salamu zikipotea kwenye msongamano, ruta zitatangaza msiba wa njia iliyo hai, na simu zote zitakatika kwa pamoja. Daraja la 5 ni sauti, basi. Daraja la 3 ni forodha na malipo, kazi ambazo pakiti ikipotea itatumwa tena, ila mtu yuko dirishani anangoja muhuri. La 0 ni la wote waliobaki, isipokuwa masasisho na nakala za akiba, ambazo zinakaa kwenye namba uliyokubaliana na mtoa huduma.

Hapo muzee mkurugenzi ataingia, au atakuita. Amesikia kuna daraja la 5 na anataka kompyuta yake iwekwe huko, yote, kwa sababu yeye ni mkurugenzi. Huu ndio mtihani wako, na hakuna amri ya ruta itakayokusaidia. Kaa, kubali maji ukipewa, umjibu kwa heshima yote: "Muzee, ukipiga simu, simu yako iko mbele pamoja na simu zote. Ukitazama mpira, mpira wako utangoja pamoja na mipira ya wengine." Daraja linafuata kazi, halifuati kiti. Simu ya msimamizi wa malori pale Kasumbalesa, kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita, inapita sawasawa na ya mkurugenzi, na masasisho ya kompyuta ya mkurugenzi yanakaa nyuma sawasawa na ya kijana. Nimeona kampuni ambamo hilo halikusemwa, na kila mkuu wa idara akapata chake, hadi daraja la mbele likajaa kuliko la nyuma na wapokea simu ndio waliolipia. Sema mapema. Muzee mwenye akili atakubali, kwa sababu naye simu yake ya Kolwezi inakatika.

Akikubali, mlinde na yeye mwenyewe: weka kikomo. Foleni ya sauti huhudumiwa kwanza kila mara, hadi iwe tupu, ndipo nyingine ziguswe. Bila kikomo, kifaa kimoja kilichoharibika kikimwaga pakiti zenye alama ya 5 kitawanyima wengine wote pumzi. Kwa laini ya Kolwezi, kikomo cha megabiti 2 kinatosha zile simu 20 na mbili zaidi. Sasa fikiri: simu ya 23 ikipigwa, nini kinatokea? Pakiti zinazozidi kikomo zinatupwa, na ruta haijui ipi ni ya simu ya 23. Inatupa yoyote. Kwa hiyo haipati shida simu moja tu, zinakwaruza zote 23. Dawa yake haiko kwenye ruta, iko kwenye mtambo wa simu wa ofisi: uwekee idadi ya juu, ili anayepiga ya 23 asikie kwamba laini zina shughuli, angoje, apige tena. Ni afadhali mtu mmoja angoje dakika tatu kuliko watu 23 kupigiana kelele. Nusu ya malalamiko ya "rezo mbaya" ningeyamaliza kwa mpangilio huo mmoja.

Foleni nyingine zigawie kwa mafungu. Asilimia 40 kwa forodha na malipo, kwa mfano, haimaanishi kwamba hizo megabiti 4 zimefungiwa kabatini. Forodha ikiwa kimya, wengine wanazitumia. Forodha ikiamka, inarudishiwa chake papo hapo. Waeleze watu hilo, maana hofu yao kubwa ni kwamba mmewanyang'anya. Na katika daraja la 0, washa utaratibu wa kutupa pakiti chache mapema, kabla foleni haijajaa, ule ambao Sally Floyd na Van Jacobson waliueleza mwaka 1993. TCP ikiona pakiti imepotea hupunguza mwendo. Ukingoja foleni ifurike ndipo utupe, wote wanapunguza kwa pamoja, kisha wote wanaongeza kwa pamoja, na laini inayumba siku nzima.

Kuna shimo moja ambalo wengi huingia wakiwa wamefanya kila kitu sawa. Katika MPLS, ruta ya kabla ya mwisho kwa desturi huivua pakiti lebo ya juu, ili kuipunguzia kazi ruta ya mwisho. Lebo ikivuliwa, zile biti 3 zake huenda nayo. Pakiti iliyosafiri kutoka Lubumbashi ikiwa daraja la 5 inaweza kufika mlango wa Kolwezi bila daraja lolote, hasa kama hakuna lebo ya pili chini yake, au ipo lakini hukuiandika. Dawa ni kumwomba mtoa huduma atumie lebo namba 0, lebo isiyoelekeza popote, ambayo kazi yake ni kuzibeba biti tatu hadi mlango wa mwisho. Muulize pia kama alama zako za ndani ataziacha kama zilivyo au ataziandika upya za kwake. RFC 3270 ya Mei 2002 inaruhusu yote mawili, na kila mtoa huduma ana desturi yake. Majibu yaingie kwenye mkataba: madaraja mangapi, namba zipi, kiasi gani kwa kila daraja, kinachozidi kinafanywaje, na ripoti ya kila daraja peke yake. Anayekupa ripoti moja ya laini nzima hajakuuzia madaraja.

Ufahamu na mpaka wa uwezo wako. Alama hizi zinaheshimiwa ndani ya rezo uliyolipia. Pakiti ikitoka kwenda intaneti ya wote, kwa kawaida hufutwa au hupuuzwa, na mkutano wa video na Johannesburg utasafiri kama pakiti nyingine yoyote. Usimwahidi mtu zaidi ya hapo.

Kwa mtoa huduma mwenyewe, biti hizo tatu zinapata maana kamili siku kebo inapokatika. Agosti 2023 kebo za baharini za WACS na SAT-3 zilikatika karibu na mdomo wa mto Kongo, na WACS ndiyo inayotua kwetu Muanda. Machi 14, 2024 zote mbili zikakatika tena karibu na Abidjan, pamoja na ACE na MainOne. Mei 12 mwaka huo huo ikawa zamu ya upande wa mashariki, EASSy na Seacom. Mkoa wetu wa Haut-Katanga una bahati ya kufikiwa pia kwa nchi kavu, kupitia Zambia, lakini njia moja ikifa mzigo wake unahamia kwa nyingine, na ruta za katikati zinabaki na sekunde chache za kuamua nini kipite. Haziwezi kupiga simu kukuuliza. Zinasoma ulichoandika.

Basi jaribu kabla ya siku hiyo. Chagua mchana wa mwisho wa mwezi, mishahara inapotumwa. Tuma kwa makusudi faili kubwa kwenda Kolwezi hadi laini ijae, kisha piga simu huko na uzungumze dakika chache na mtu, si na mashine. Mwombe ahesabu kwa sauti, usikilize kama namba zinaruka. Wakati huo huo soma vihesabio vya kila daraja. La 0 likitupa pakiti, vema, hiyo ndiyo kazi yake saa hiyo. La 5 likitupa hata chache, mtafute anayejiandikia alama. La 6 likitupa yoyote, acha vyote na ushughulike nalo kwanza. Rudia kutoka Kolwezi kuja Lubumbashi, kwa sababu foleni ya kwenda na ya kurudi ni mbili tofauti, na nyingi hupangwa upande mmoja tu.

Kabla hujatoka ofisini, hifadhi mpangilio kwenye kumbukumbu ya kudumu ya kila ruta, na ya Kasumbalesa pia. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikipita na betri zikaisha, ruta ambayo haikuhifadhiwa itawaka tena ikiwa na foleni yake ya zamani.